Siku Nilizokopeshwa Mwili Wangu Ulipoishiwa Homoni

Kuna mambo matatu ambayo watu wa kwetu walisema sitayaweza. La kwanza, nilipovuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia nikiwa na miaka kumi na tisa na begi moja, walisema nitarudi na redio na kikohozi. La pili, niliporudi nikaingia chuo cha mifugo nikiwa na miaka thelathini na moja, walisema sitamaliza, nitaona haya kukaa dawati moja na watoto. La tatu alilisema jirani yangu, Mzee Haonga, mbele ya watu waliopeleka kahawa kukobolewa: "Huyu Bwana Mifugo hatashika plau tena. Amekwisha."

Mawili ya kwanza niliyajibu bila shida. Nilirudi na pikipiki yangu mwenyewe, na stashahada yangu iko ukutani imewekewa kioo; mgeni akiingia anaiona kabla hajaniona mimi. Hilo la tatu ndilo lililonitoa jasho, na ndilo ninaloliandika hapa.

Nitataja viungo vya mwili kwa majina yake. Mimi niliyesomea mifugo sioni haya kusema korodani, na ninyi wanaume mnaosoma msione haya pia. Haya ndiyo iliyonichelewesha miaka miwili.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nyumbani ni Ruanda, kijiji cha Mbozi, kahawa na mahindi. Zambia nilifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe la mzungu mmoja, na nilianza kwa kuzoa kinyesi nikaishia kushika funguo za stoo ya dawa. Baada ya chuo nilifungua duka la dawa za mifugo Tunduma, lakini jina langu halikutokana na duka. Lilitokana na kuhasi. Hapa kwetu plau inavutwa na maksai, na maksai hazaliwi, anatengenezwa. Mtu mwenye dume mkorofi alikuwa ananiita mimi. Nilifika Galula, nilifika Chitete, nilipanda mpaka milima ya Ileje na koleo langu la kuhasi nimelifunga nyuma ya pikipiki. Nilikuwa namwangusha dume kwa kamba moja, nabana mshipa wa kushoto, nabana wa kulia, nainuka kabla mwenye ng'ombe hajamaliza kusalimia.

Na nilikuwa nawaeleza wafugaji kile ninachofanya, kwa sababu msomi hafanyi kazi kimyakimya. Niliwaambia: "Sikati kitu. Nabana mshipa unaopeleka damu. Korodani ikikosa damu, seli zake zinakufa, homoni ya udume inakoma. Baada ya miezi michache shingo itapungua, ukali utaisha, mafuta yatakuja." Niliyasema hayo mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu. Kumbukeni hilo.

Ugonjwa uliingia nyumbani kupitia binti yangu, Neema, akiwa na miaka sita. Alipata matubwitubwi. Mashavu yalivimba, bibi yake akampaka masizi kama ilivyo desturi, baada ya wiki moja mtoto akaanza kuruka kamba. Mimi nilimbeba siku zote hizo. Wiki mbili na ushee zikapita, nikaamka taya linauma. Nikavimba mashavu yote mawili. Mke wangu, Tabitha, alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Neema, na miaka yako yote hiyo, unaugua ugonjwa wa watoto?"

Sikulala kitandani. Nilikuwa na kazi Galula, madume wa mtu mmoja. Nikapanda pikipiki na homa yangu. Barabara ile mnaijua. Siku ya tano tangu taya kuvimba, homa ilipanda upya na korodani ya kulia ikaanza kuuma. Kufika siku iliyofuata zilikuwa zinauma zote mbili. Zilivimba na kuwa nyekundu, kubwa kama parachichi zilizokomaa, na ngozi yake ilikuwa ya moto ukiigusa. Nilirudi nyumbani nimesimama juu ya vikanyagio vya pikipiki, sikuweza kukaa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mkulima asiyesoma asingelifanya. Yeye angeenda hospitali. Mimi nilikuwa na stoo ya dawa na stashahada. Nikachukua chupa ya antibiotiki ya ng'ombe, ile ya kudumu mwilini, nikajipimia dozi ya ndama wa kilo themanini, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa karibu na uzito wangu. Nikajichoma pajani.

Tabitha aliikuta chupa dirishani. Akasoma maandishi yote, maana naye alimaliza kidato cha nne.

"Hii si ya ng'ombe?"

"Dawa ni dawa, mama Neema. Bakteria haulizi kama mwenye mwili ana pembe."

"Wameandika hapa maziwa yasinywewe siku saba na nyama isiliwe siku ishirini na nane. Wewe nikuache siku ngapi?"

Yeye alikuwa anatania. Mimi nilikuwa nakosea kwa umakini. Matubwitubwi ni kirusi, na antibiotiki hata iwe ya tembo haikiui. Ningekwenda hospitali ningeambiwa nilale, nizibebe korodani kwa kitambaa, nipewe dawa ya maumivu na nichunguzwe. Badala yake nilivumilia, uvimbe ukaisha baada ya siku kumi, nikajisifu kwamba nimejitibu.

Miezi minne baadaye, nikioga, niligundua zimekuwa ndogo. Zilikuwa laini, ukubwa wa mbegu mbili za maharage. Nilimaliza kuoga, nikavaa, nikaenda kazini. Sikumwambia mtu.

Yaliyofuata yalikuja taratibu hata siwezi kusema yalianza siku gani. Nilianza kuchoka saa nne asubuhi kana kwamba nimelima tangu alfajiri. Ndevu zilipunguza mwendo. Mtu aliyekuwa ananyoa kila siku ya pili, nikawa nanyoa mara moja kwa mwezi, na hiyo ni kwa ajili ya heshima tu. Hamu ya mke ikaondoka bila kuaga. Joto lilikuwa linanipanda ghafla kifuani na usoni, nikitoka jasho katika baridi ya Mbozi ya mwezi wa sita huku wenzangu wamevaa makoti. Matiti yalikuwa yanauma na kuvimba kidogo nyuma ya chuchu. Nilikuwa mkali kwa mambo madogo, kisha nalia kwa mambo madogo zaidi. Tumbo likaongezeka mafuta, mikono ikapungua.

Mnaosoma mmeshaelewa. Kila kilichoandikwa hapo juu nilikuwa nimewaeleza wafugaji kuhusu madume wao, kwa sauti, kwa miaka. Lakini mtu hajitazami kama anavyotazama ng'ombe. Nilisema ni malaria. Nikapima, hakuna. Nikasema ni sukari. Nikapima, hakuna. Kisha nikanunua unga pale Tunduma kwa mama mmoja muuzaji wa Kizambia, aliyeniita kwa heshima ya kwao na kuniahidi, "Mukwai, ukinywa huu utarudi ujana." Unga haukuwa na lebo. Mimi ninayewafokea wakulima wakinunua dawa isiyo na lebo, niliunywa wiki tatu. Uliniletea mapigo ya moyo ya kutisha na kuharisha.

Mwisho wa kujificha ulikuwa nyumbani kwa Mzee Haonga, mwezi wa kumi, mvua zikikaribia. Alikuwa na dume mwekundu mwenye nundu kubwa, alitaka awe maksai. Majirani walikuja kutazama. Tulimwangusha vizuri. Nikapiga magoti, nikaushika mshipa, nikaweka koleo mahali pake, nikabana.

Koleo halikufunga.

Nikabana tena kwa nguvu zangu zote. Mikono ya koleo ilikaribiana ikabakiza upana wa ngumi, ikagoma. Jasho lilinitoka.

"Lete nikusaidie, mdogo wangu," alisema Mzee Haonga, anayenizidi miaka ishirini na tano.

"Niache, mzee. Koleo lina kutu."

Dume alijitikisa. Hakunipiga teke wala pembe. Alijitikisa tu, nami nikaanguka ubavu na kuegemea mkono. Nikasikia mfupa unalia. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika kwa kuanguka ambako Neema angeinuka akakimbia. Dume alijinasua kwenye kamba akaondoka na korodani zake.

Ndipo lilipotoka lile neno kule kwenye kahawa. Wengine waliongeza yao: kwamba madume niliowahasi wamenirudishia. Mzee Haonga hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Hospitali walinifunga plasta. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alitazama picha ya mfupa, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Baba, una miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Mfupa huu ni wa mtu mzee. Unanyoa ndevu mara ngapi?"

"Daktari, nimevunjika mkono, si kidevu."

"Nijibu, baba."

Nilimjibu. Aliuliza la pili, la tatu, mpaka tukafika kwenye matubwitubwi. Akavuta pazia akanipima, korodani moja baada ya nyingine, bila kubadilisha uso. Kisha akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini.

"Unahasi ng'ombe, na hukujishuku?"

Nilianza kumweleza tofauti ya ng'ombe na mtu, nikaishia katikati. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nipate stashahada.

Alitaka damu ichukuliwe asubuhi mapema, siku mbili tofauti, kwa sababu homoni hii hupanda asubuhi na kushuka jioni. Sampuli zilipelekwa Mbeya. Majibu yaliporudi alinichorea kwenye karatasi, na nimeitunza karatasi hiyo mpaka leo. Nawaeleza kama alivyonieleza, maana chuoni tulifundishwa kwa ng'ombe na sikuwahi kujiweka mimi mwenyewe ndani yake.

Ndani ya korodani kuna kazi mbili. Kuna mirija myembamba iliyojikunjakunja, humo ndimo zinamotengenezwa mbegu za uzazi. Katikati ya mirija, kwenye nafasi zilizobaki, kuna vikundi vya seli nyingine. Hizo hazitengenezi mbegu. Zinachukua lehemu, aina ile ya mafuta iliyo katika damu, zinaibadilisha hatua kwa hatua mpaka inakuwa homoni iitwayo testosteroni. Homoni inaingia kwenye damu na kwenda kila mahali: kwenye mfupa iuimarishe, kwenye msuli, kwenye ndevu, kwenye uboho unaotengeneza damu, kwenye akili. Seli hizi hazijiamulii. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo inayotuma homoni ya kuziamuru. Homoni ya udume ikipungua, amri inaongezeka. Ikitosha, amri inapungua.

"Sasa tazama majibu yako," alisema. "Amri ya ubongo iko juu sana. Testosteroni iko chini sana. Ubongo unaita kwa nguvu, na huko chini hakuna wa kuitika. Uvimbe ule ulizibana seli ndani ya ganda gumu la korodani mpaka nyingi zikafa."

"Kama koleo," nikasema.

"Kama koleo lako, ndiyo."

Nikamuuliza kama antibiotiki ya ng'ombe ndiyo iliyoniharibu. Alisema hapana, haikuniharibu korodani na haikunisaidia, iliniibia siku. Kisha akasema mambo mawili kwa mkazo. La kwanza, kuna sindano ya homoni hiyo, ningechomwa kila baada ya wiki tatu, na huenda ikawa maisha yangu yote, huku wakipima damu isizidi kuwa nzito na wakiangalia tezi dume. La pili, sindano hairudishi uzazi. Inaweza hata kuzima mbegu chache zilizobaki, kwa sababu ubongo ukiona homoni imejaa unaacha kutoa amri. Kwa hiyo kwanza nipime mbegu.

Tulipima. Hazikuwepo hata moja.

Siku hiyo Tabitha alikuwa nami. Tulikaa kwenye benchi nje ya maabara. Nilimwambia kwamba yuko huru kwenda kwao.

"Kwetu kuna nini?" aliuliza. "Nina mtoto mmoja na mume mmoja. Ninataka wote wawili waishi. Ingia ndani ukachomwe sindano."

Daktari alimwita nesi, akanigeukia: "Na hii utachomwa hapa hapa. Nikisikia umejichoma mwenyewe nyumbani, nitakuja kuitoa ile stashahada ukutani." Tabitha alikuwa amemwambia.

Mvua zikaja mkono ukiwa bado kwenye plasta. Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana hapo ndipo palipokuwa na kidonda changu kikubwa. Hapa mtu akizidiwa na shamba, jirani anamkopesha siku. Anakuja na maksai wake, analima kutwa, na siku hiyo unamrudishia kwa namna ileile: siku kwa siku, mikono kwa mikono, maksai wawe wako au wake. Halipwi fedha, na huwezi kumtuma kibarua akarudishe kwa niaba yako. Mkopo ni wa mwili wako. Na asiyetarajiwa kurudisha, kama mjane au mzee aliyelala kitandani, analimiwa bila kudaiwa. Hivyo ukitaka kujua kama watu bado wanakuhesabu mzima, sikiliza kama wanakudai.

Walikuja watatu. Binamu yangu Yona siku moja. Mzee wa kanisa siku moja. Mzee Haonga siku mbili. Nilisimama pembeni ya shamba langu mwenyewe na mkono shingoni. Kila mmoja nilimwambia, "Nakopa. Nitarudisha." Yona alisema sawa. Mzee wa kanisa alisema sawa, huku akitazama pembeni. Mzee Haonga alifungua nira, akafuta jasho, akasema kwa upole, "Hakuna deni, Bwana Mifugo. Wewe pumzika."

Ningepokea tusi kwa urahisi zaidi. Nililala siku mbili nimegeukia ukuta.

Sindano haikufanya muujiza. Wiki chache za kwanza niliona tofauti moja tu: niliacha kutoka jasho la ghafla, na usingizi ukawa mzito. Mwezi wa tatu wa sindano nilianza kumtazama mke wangu tena, naye akaona. Mwezi wa nne nilinunua nyembe. Mikono ilirudi kwa kazi, siyo kwa sindano peke yake. Daktari aliniambia homoni haijengi msuli wa mtu aliyekaa, basi nikawa nabeba maji, napasua kuni, nakula maharage, dagaa na maziwa. Mfupa ulichelewa kuliko vyote. Mara mbili walikuta damu imeanza kuwa nzito, wakaongeza siku kati ya sindano na sindano. Sikuruka hata moja. Kutoka Ruanda mpaka hospitali, mvua na matope, nilikwenda.

Mwezi wa saba wa sindano nilikwenda kwa Mzee Haonga bila kuitwa. Nilimwomba dume wake mwekundu. Alitazama mikono yangu, akaleta kamba. Nilibana kushoto. Koleo lilifunga mpaka mwisho, likatoa ule mlio wake. Nikabana kulia. Nilipoinuka nikasema, "Halikuwa na kutu, mzee. Nilikuwa mgonjwa." Ndiyo mara pekee katika maisha yangu nimekiri kosa mbele ya mashahidi.

Namshukuru Mungu, nawashukuru daktari yule na nesi wake, na namshukuru Tabitha aliyesoma lebo. Kwenu wanaume nasema hivi. Ukiugua matubwitubwi ukubwani na korodani zikavimba, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukichoka bila sababu, ndevu zikakoma na joto likakupanda, omba upimwe homoni asubuhi kabla hujanunua unga wa mpakani. Na ninyi vijana wenye korodani nzima mnaotafuta sindano hii ili mtunishe kifua: mkiijaza kutoka nje, ubongo unaacha kuamuru, na seli zenu zinalala. Mimi nachomwa kwa sababu zangu zilikufa. Zenu ziko hai. Ziacheni zifanye kazi.

Mvua zilizofuata nilianza kurudisha. Nilimlimia Yona siku yake. Nilimlimia mzee wa kanisa siku yake, akanitazama usoni safari hii. Kwa Mzee Haonga sikwenda. Alikuwa amesema hakuna deni, na mtu haendi kurudisha kitu ambacho mwenyewe amekataa kukidai. Nilikaa wiki nzima nikisikia plau yake ng'ambo ya kijito.

Jumatatu alfajiri mlango uligongwa. Alikuwa amesimama nje na mjeledi begani, amevaa buti za mvua, na uso wa mtu aliyekuja kwa ugomvi.

"Bwana Mifugo."

"Naam, mzee."

"Mwaka jana nilikulimia siku mbili. Mbona kimya? Wewe ni mtu wa namna gani, hulipi?"

Tabitha, nyuma yangu, aliziba mdomo kwa khanga.

"Nisamehe, mzee," nikasema. "Nakuja sasa hivi."

Sikunywa chai. Nilivuka kijito nyuma yake, nikashika mikono ya plau, na mbele yangu upande wa kulia wa nira alikuwa yule mwekundu, maksai sasa, shingo imepungua, anatembea kwa utulivu. Nililima kutwa nzima. Siku ya pili nikalima mpaka mfereji wa mwisho chini ya migomba. Mzee Haonga alikuja, akakanyaga udongo, akatazama mistari kama iko sawa. Ilikuwa sawa, yangu huwa iko sawa.

"Basi," alisema. "Hunidai, sikudai."

Nikafungua nira, nikarudi nyumbani kwa miguu.